Mahali pa Anyesi Mbele ya Mtumbwi

Anyesi alikuwa na miaka arobaini na mitatu alipoingia kwenye mtumbwi wa mumewe, Elieza, kufanya kazi kwa mara ya kwanza, na aliambiwa ni kwa wiki moja tu. Nikodemo, aliyekuwa akipiga kasia upande wa mbele, alikuwa ameondoka kwenda kutafuta dhahabu, na Elieza asingeweza kuvuta nyavu huku akiuzuia mtumbwi usiyumbe.

"Wiki moja, Mama Emilia," Elieza alimwambia. "Nikipata mtu, utapumzika."

Mtu hakupatikana. Baada ya mwezi mmoja Elieza akaacha kumtafuta, na baada ya mwaka watu wa pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, wakaacha kucheka kuona mwanamke anarudi na kasia begani. Ikapita miaka kumi na mmoja.

Wasioijua kazi hiyo hudhani wa mbele amekaa tu. Bwawa la Mtera limejaa visiki vya miti iliyofunikwa na maji zamani, na Elieza alipenda kutega katikati ya visiki hivyo kwa sababu perege hujificha hapo. Asubuhi maji hutulia, lakini jua likishapanda kidogo upepo huanza, na mtumbwi hutaka kwenda unakotaka wenyewe. Elieza akisimama nyuma kuvuta wavu, Anyesi alipiga magoti mbele, akichoma kasia majini kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, macho yake yakitafuta kisiki kabla kisiki hakijawapata wao. Nyuma yake sauti ya Elieza ilisema, "Geuza kushoto. Shika hapo. Shika." Wakati mwingine hayo ndiyo maneno yote waliyosemezana tangu alfajiri hadi saa nne.

Bega la kulia lilianza kumsumbua mwaka juzi. Kwanza alishindwa kujitwika ndoo. Halafu akashindwa kufikisha mkono kisogoni kusuka nywele zake. Alipanda basi hadi Mpwapwa, na daktari, binti mdogo kuliko Emilia wake, akalizungusha lile bega taratibu na kumwambia, "Mama, huu mkono upumzike miezi sita. Usiuinue, usivute kitu." Alirudi akamweleza Elieza neno kwa neno. Elieza akasema, "Sawa." Kesho yake asubuhi alilibeba kasia la mkewe akaliweka mtumbwini kama siku zote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia, ila kusikia kwake hakukufika mikononi. Anyesi naye hakuwa na nguvu ya kugombana saa kumi na moja alfajiri. Akaingia.

Mambo yalibadilika mwezi wa Julai, alipokuja mdogo wake Abeli. Abeli alikuwa mlinzi wa kambi moja ya wageni upande wa Iringa, ambako watu wa mjini walikuja kuvua samaki kwa kujiburudisha. Mwenye kambi aliifunga, akagawa vitu kwa wafanyakazi. Abeli alifika kwa bodaboda, amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi.

"Shikamoo dada. Nimekuletea mota," alisema. Akaifunua. Ilikuwa na bomba refu jeusi, chini yake kichwa kama cha kambale chenye pangaboi dogo, na juu yake kitako cha bati nene. Ilikuja na betri yake, na rimoti ya kuvaa shingoni.

"Haitumii mafuta?"

"Inatumia betri. Utaichaji kwa sola. Hii inafungwa mbele ya boti, si nyuma. Inauvuta mtumbwi, kama ng'ombe anavyovuta jembe. Unabonyeza hapa inageuka kushoto, hapa kulia, na ukitaka kusimama mahali pamoja unaipunguza inakushikilia kwenye upepo."

Anyesi aliitazama ile rimoti, ndogo kuliko sabuni ya kuogea. Kushoto, kulia, shika hapo. Kazi yake yote ilikuwa kwenye vitufe vinne.

Elieza aliizunguka mara mbili. "Hiyo ni ya watu wanaovua kwa starehe," akasema, akaenda kutazama nyavu zake.

Ikalala ndani ya blanketi siku nne. Siku ya tano Anyesi alikwenda mwenyewe kumwita Nurdini, fundi wa mitumbwi, mtu wa Kondoa aliyekuja Mtera kwa msimu mmoja na sasa ana wajukuu hapo. Hakumwuliza Elieza. Kwa miaka kumi na mmoja hilo lilikuwa jambo la kwanza kuhusu mtumbwi aliloamua peke yake.

Nurdini alichuchumaa, akapima kitako cha mota kwa shubiri, akapima na mbele ya mtumbwi, akatikisa kichwa. "Kitako hiki kimetengenezwa kikae juu ya sakafu tambarare," alisema. "Mtumbwi wenu mbele umechongoka na umeinuka. Nikikifunga hivi hivi, kitalala upande na bolti zitapasua mbao. Inabidi nilaze ubao mnene kutoka ubavu huu hadi ubavu huu, niuchonge uwe sawa na maji, ndipo mota ikae juu yake." Akagonga ubao ambao juu yake Anyesi hupiga magoti. "Na huu itabidi utoke."

Elieza, aliyekuwa akijifanya anashona wavu, akainua kichwa. "Ukiutoa huo, yeye atakaa wapi?"

Nurdini akamtazama Anyesi. Ilikuwa ni kama fundi amepewa wateja wawili kwa mtumbwi mmoja.

"Sitakaa," Anyesi alisema.

Elieza akarudi kwenye wavu wake, na Nurdini akachukua nyundo.

Ubao ulipong'oka, waliona mbao za chini yake zimeoza. Nurdini alichomeka bisibisi ikazama kana kwamba inaingia kwenye muhogo wa kuchemsha. "Mama, umekuwa ukipiga magoti juu ya uji," alisema. Basi kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku tatu. Alikata sehemu iliyooza, akatia mbao mpya, akazibana, akashindilia pamba kwenye nyufa na kuzipaka lami. Kisha akalaza ule ubao mnene, akatoboa matundu manne kwa drili, akapitisha bolti ndefu, na kwa chini akaweka kipande cha bati ili nati zisile mbao. Waya wa betri aliupitisha ubavuni, akaubana kwa vipande vya mpira wa tairi usije ukanaswa na nyavu. Anyesi alikaa kivulini akimtazama, mkono wake wa kulia mapajani. Alitarajia atafurahi. Alichosikia ni usingizi tu, usingizi mzito wa mchana, kama mtu aliyeambiwa mzigo utatuliwa hapo mbele akaanza kuuachia kabla ya kufika.

Siku ya kujaribu, Elieza aliingia nyuma peke yake, rimoti shingoni. Nurdini akaishusha mota majini. Elieza akabonyeza. Pangaboi likazunguka, likapiga maji, likarusha povu, likaanza kulia juu juu. Mtumbwi haukwenda popote. Mbele ulikuwa umeinuka, na nusu ya pangaboi ilikuwa hewani.

Nurdini alilegeza bomba akalishusha hadi mwisho wake. Likazama, lakini kiwimbi kidogo tu kikapita, likatoka tena.

"Nyuma kumezidi uzito," alisema. "Huu mtumbwi umezoea kuwa na mtu mbele."

Elieza alimgeukia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu mota ifike alionekana amepata nafuu. "Unaona. Inakutaka wewe."

Anyesi aliona jua limekuwa kali ghafla. Alijiona amekaa hapo mbele miaka mingine kumi na mmoja, safari hii bila hata kasia, akiwa uzito tu. Miguu ilitaka kwenda. Ilikuwa imekwisha kuanza kwenda, imezoea. Akaisimamisha kwenye mchanga.

"Fundi," alisema, "una chaki?"

Alipanda, akasimama pale mbele kwa kushikilia mota, na Nurdini akapiga mstari wa chaki ubavuni mahali maji yalipofika. Alipolitazama pangaboi, lote lilikuwa majini. Kisha akashuka, akachukua gunia tupu la pumba, akaanza kulijaza mchanga kwa mkono wa kushoto. Nurdini akamsaidia kulijaza la pili. Waliihamisha betri kutoka katikati ikaenda mbele, wakapanga yale magunia pande zote mbili za kitako, wakaongeza sufuria moja ya mchanga, wakapunguza kidogo, hadi maji yakagusa chaki.

Elieza alibonyeza tena. Mtumbwi ukatoka taratibu, bila kelele, ukienda mbele kama unavutwa na mtu aliye chini ya maji.

Anyesi alibaki ufukweni akitazama magunia mawili na betri vikipita mbele ya macho yake. Alijiuliza kama ndicho alichokuwa kule muda wote huo, mchanga wa kuzamisha mtumbwi. Halafu akakumbuka kwamba mchanga haujui kisiki kilipo, akaenda nyumbani.

Kesho yake alilala hadi jua likaingia mlangoni. Aliamka ameshtuka, akatafuta kasia kwa mkono kabla ya kufungua macho. Elieza alikuwa amekwenda zamani. Alirudi karibu saa sita akiwa na nusu ya samaki waliozoea kupata, akasema mota ni nzuri, akalala. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki zikaenda, naye hakulalamika, lakini alikuwa akila kwa kukaza macho kwenye sahani kama mtu anayehesabu punje za wali.

Wiki ya tatu saa sita ilipita, na saa saba, na upepo ulikuwa umeshachafua maji. Zaitun, jirani yake, ndiye aliyekiona kwanza kitu cheusi mbali kati ya visiki, hakisogei. Mumewe Shaaban akasukuma mtumbwi wake majini. "Mama Emilia, twende tukamfuate. Wewe unavijua vile visiki."

Kasia la Anyesi lilikuwa limeegemezwa ukutani, hatua kumi tu. Watu walikuwa wakimtazama.

"Kaa upande wa kulia wa mti wenye tundu la ndege," alimwambia Shaaban. "Baada ya hapo ni shwari. Nenda wewe."

Aliona haya. Alikaa chini juu ya mchanga ili asione zaidi, akasubiri hadi mitumbwi miwili ikarudi, wa mbele ukiukokota wa nyuma. Wavu ulikuwa umejiviringisha kwenye pangaboi hadi mota ikazima, na Elieza alikuwa amepiga kasia peke yake dhidi ya upepo mpaka mikono ikakataa.

Alimpa uji, akaupokea kwa mikono miwili.

"Nilikuita," Elieza alisema.

"Lini?"

"Wavu ulipoanza kuvutwa. Nilisema, geuza kushoto. Badala ya kubonyeza, nikasema." Akanywa kidogo. "Kila siku nasema. Kimya tu."

Anyesi alimwongezea uji.

"Huyo daktari," Elieza aliuliza, "alisema miezi mingapi?"

"Sita."

"Imekwisha kwenda mingapi?"

"Hata mmoja haujatimia, Baba Emilia. Nilianza hesabu siku fundi alipong'oa ubao."

Elieza aliyatazama maji. "Basi hesabu kutoka hapo," alisema.

Nurdini alizungushia pangaboi kizuizi cha nondo nyembamba kama kitunga, nyavu zisiingie tena. Elieza akajifunza kutega nje kidogo ya visiki, mahali wanapopatikana samaki wachache lakini hapamtaki mtu wa pili. Mwezi wa nne wa kupumzika Anyesi aliweza kufikisha mkono kisogoni. Asubuhi bega bado lilikuwa linauma, na daktari alikuwa amemwonya kwamba huenda lisirudi lote.

Mwezi wa Desemba kulikuwa na ibada ya kipaimara ng'ambo ya pili. Elieza akasema watakwenda kwa mtumbwi. Akatandika kanga katikati, akamwambia Anyesi akae hapo. Anyesi akakaa akiwa na gauni lake la kanisani. Hakujua mikono aiweke wapi. Aliiweka mapajani, akaishusha pembeni, akairudisha. Mtumbwi ukatoka. Maji yalikuwa yakimjia na kupita, na hakuna hata tone lililomhitaji. Walipofika katikati ya bwawa uchovu ulimshukia wote kwa pamoja, ule wa alfajiri zote alizoamka bila kutaka, akainamisha kichwa juu ya magoti akalala.

Elieza alipunguza mwendo ili mtumbwi usimtikise. Walichelewa mno. Walipofika kanisani mahubiri yalikuwa yamekwisha na watu wanakwenda kutoa sadaka, ikawabidi wasimame nyuma, karibu na mlango.