Kutengwa na Kutengewa

Kabla sijaugua nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Masijala ni chumba cha mafaili. Barua ikiingia unaipa namba, unaiweka kwenye faili lake, na jambo likiisha unaandika tarehe na kulifunga. Ilikuwa miaka ya kupunguza wafanyakazi. Wenzangu wengi walirudishwa nyumbani wakaanza kuuza mitumba, mimi nikabakizwa kwa sababu faili likipotea nilikuwa nalipata. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba jambo lililoachwa wazi huniudhi kuliko wengine.

Nilikuwa mjane. Mume wangu aliugua miezi mingi kabla ya kufa, na wote tukakubaliana kusema lilikuwa ini. Nikahamia Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, kwa dada yangu mkubwa, Mwajuma, aliyekuwa akiishi na mumewe, shemeji Athumani, na binti yao Rehema.

Kilianza kikohozi. Nikameza dawa za malaria mara tatu, maana ndizo zilizokuwa dukani. Kisha ukaja mkanda wa jeshi, malengelenge kutoka mgongoni hadi chini ya titi la kulia, na hata kanga ikigusa nilitaka kulia. Mdomoni kukaota utando mweupe, nikawa nameza mate kwa shida. Mwisho nikaanza kuharisha, na siku nyingine sikufika chooni. Dada ndiye aliyenisafisha. Hakuwa na glavu. Alitumia mikono yake, maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, huku akinisimulia umbea wa sokoni ili nisione aibu. Hili mlishike, maana nitalirudia.

Hospitalini mzani ulisoma kilo thelathini na nane. Walichukua makohozi, wakachukua damu. Siku ya majibu daktari alifunga mlango.

"Mama, una kifua kikuu, na hicho kinatibika. Pia una virusi vya Ukimwi. Virusi hivyo bado hatuna dawa yake."

"Nitaishi mpaka lini?"

"Sijui. Tuanze na kinachotibika."

Namshukuru mpaka leo kwa kusema hajui.

Nesi akamwita dada kando ya kitanda changu. Nilikuwa nimefumba macho, lakini nilisikia kila neno. "Wiki mbili za kwanza za dawa," alisema, "mtengeeni kikombe chake na bakuli lake." Dada akaitikia. Tulipofika nyumbani alichukua kikombe cha bati, akakitia nukta nyekundu kwa rangi ya kucha ya Rehema, akaninunulia na bakuli la kijani la plastiki. Sikulalamika. Nilikuwa nakohoa.

Wiki mbili zikapita. Nikameza dawa miezi minane, kikohozi kikaisha, nikarudi kazini. Kikombe chenye nukta kikabaki pale pale.

Nyumbani kwetu chakula ni sinia moja chini kwenye mkeka. Ugali katikati, bakuli la mlenda pembeni, na kila mtu mkono wake. Changu kilikuwa kando ya kigoda karibu na mlango, kimefunikwa kawa. Kilikuwa kizuri kuliko chao. Kukiwa na nyama, minofu ilikuwa kwangu, wao wanaguguna mifupa. "Chako kile pale, nimekutengea," dada alikuwa akisema, kwa upendo kabisa. Nami nakaa kwenye kigoda, navuta mlenda wangu peke yangu kama mgeni wa heshima aliyechelewa kuondoka. Kosa la nani? Mtaani walisema nimekanyaga waya, yaani nina Ukimwi. Muuza maandazi aliniwekea andazi mezani badala ya kunipa mkononi. Hao sikuwajali, kwa sababu sikuwa nakula nao.

Miaka ikaenda. Nikadhoofu tena, nywele zikawa nyepesi, miguu ikawa inawaka moto. Safari hii dawa za virusi zilikuwa zimefika, tena bure. Wiki za kwanza nilitapika, nikawashwa mwili mzima, nikaota ndoto ambazo siwezi kuziandika hapa. Sikuacha. Baada ya mwaka na miezi nilikuwa na kilo sitini na moja, na sketi zangu za kazini hazifungi.

Ndipo akaja binti wa utafiti. Alinikuta kwenye benchi la kliniki, ana dodoso la kurasa nyingi na kalamu shingoni.

"Shikamoo mama. Tunapima unyanyapaa. Nitakuuliza maswali, wewe unajibu kamwe, mara chache, au mara nyingi."

"Marahaba. Uliza."

"Katika mwaka uliopita, umewahi kusengenywa kwa sababu ya hali yako?"

"Mwanangu, mtu akisengenywa anasikia?"

Akaangalia karatasi. "Niandike kamwe?"

"Andika unavyotaka."

"Umewahi kutengwa na familia wakati wa chakula?"

"Kutengwa au kutengewa?"

"Hapa imeandikwa kutengwa."

"Basi kutengwa, kamwe. Natengewa."

"Kutengewa ni kuzuri, mama. Ni kuheshimiwa." Akatia alama. Alipomaliza alijumlisha, akatabasamu. "Hongera, mama. Umepata sifuri. Huna unyanyapaa kabisa."

Nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili. Sikuwahi kupewa hongera kwa sifuri.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke kwa nani. Yule binti hakukosea, alitia alama kwenye neno aliloandikiwa. Dada naye hakukosea, alifanya alichoambiwa. Hata hivyo mimi nilikuwa nakula mlangoni kwa mwaka wa sita.

Nikawakuta wananawa kwa chakula cha mchana. Nikanawa na mimi, nikakipita kigoda, nikakaa kwenye mkeka kati ya dada na Rehema.

"Chako kile pale," dada akasema. "Nimekutengea."

"Nani alikuambia unitengee?"

"Si yule nesi?"

"Alisema mpaka lini?"

Dada akamtazama shemeji. Shemeji akautazama ugali.

"Hakusema," dada akajibu.

"Alisema wiki mbili. Nilikuwa naumwa kifua, dada, sikuwa naumwa masikio."

"Sasa miaka yote hiyo mbona umenyamaza?"

"Nilikuwa nangoja unikaribishe."

"Nikukaribishe?" Hapo na yeye akaudhika, sauti ikapanda. "Mtu anakaribishwa kwao?"

Nilikuwa nimeandaa hoja njia nzima, na hiyo haikuwamo. Rehema akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. Nikakata tonge, nikachovya kwenye mlenda wao. Shemeji alikula matonge mawili zaidi, akasema ameshiba, akatoka. Kesho yake akashiba mapema vilevile. Siku ya tatu alikaa mpaka sinia likawa jeupe, na akanigombeza kwamba navuta mlenda wote upande wangu.

Usiku wa ile siku ya kwanza dada alikuja chumbani. "Nilikusafisha kwa mikono hii," akasema. "Ningekuogopaje?" Nilimwambia najua. Ndiyo maana iliniuma.

Nilimrudia yule binti, nikamwambia afute sifuri yangu. Akasema makaratasi yameshapelekwa Dar es Salaam. Lakini alifungua daftari lake mwenyewe, akaniuliza tena lile neno, kutengewa, akaliandika kwa herufi kubwa.

Daktari wa kliniki aliniambia baadaye kwamba kifua kikuu husafiri kwa hewa ya kukohoa, wala hakikai kwenye kikombe. Hata zile wiki mbili za vyombo hazikuwa na kazi. Nilimsikiliza nikiwa nimekunja mikono.

Namshukuru Mungu, na daktari, na dawa, na dada Mwajuma zaidi ya wote. Wewe unayesoma ukiwa umepata majibu yako juzi, meza dawa kwa saa ile ile kila siku, hata zikikutapisha wiki za mwanzo. Kikohozi kisichoisha usikipe dawa ya malaria, kapime. Na ukitengewa, uliza siku ile ile, mpaka lini. Usikae miaka sita kama mimi, karani mzima, na faili liko wazi mbele yako.

Kigoda anakalia shemeji akivaa viatu. Bakuli la kijani lilipasuka. Kikombe chenye nukta dada hakukitupa, bati bado zima. Anapimia mchele: vikombe vitatu kwa watu wanne, sinia moja.