Suti ya Bluu ya Munyoki

Usiku kucha simu ililala kifuani mwa Ndila kama mtoto mwenye homa. Kila mbwa wa mtaa alipobweka, alishtuka akaitazama. Kimya. Kule kijijini Njukini, ukoo wa marehemu mume wake ulikuwa umekaa tangu jioni kuamua habari ya nyumba hii aliyolala ndani yake, hapa Voi. Yeye mwenye nyumba hakuitwa.

Ndila alikuwa na miaka arobaini na sita. Shule aliiachia darasa la sita, na kwa miaka mingi amekuwa akifua nguo za gesti mbili za kando ya barabara kuu, mashuka ya madereva wa malori na mashati ya wageni wapitao. Mtu anayefua nguo za wengine hujua mengi asiyoulizwa. Akitazama kola, Ndila angeweza kukuambia mwenye shati hulalia upande gani. Sembuse nguo za Munyoki, mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma! Alikuwa na suruali tatu, ovaroli mbili zilizotobolewa na cheche, na koti moja la kahawia la mtumba alilovaa siku ya harusi yao. Alizikwa na koti hilo miezi minane iliyopita. Ndila mwenyewe alilishonea kiraka kiwikoni siku moja kabla ya mazishi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na mlango wa chuma ambao Munyoki aliuchomelea kwa mikono yake. Sasa Kituku, mdogo wake Munyoki anayeishi Mombasa, alikuwa akiitaka.

Saa tisa simu ikalia. Alikuwa Syokau, dada ya Munyoki, akinong'ona kutoka nyuma ya choo.

"Wifi, uko macho?"

"Nilale vipi? Sema."

"Wamekubali. Kesho asubuhi Kituku anakuja na Mzee Muinde, anahamia hapo. Wewe na Koki mtaletwa huku, mpewe kile chumba cha nyuma kwa mama."

"Chumba cha mbuzi? Nimekosa nini mimi?"

"Hujakosa. Ni ndoto."

Kituku alikuwa ameota mara tatu. Munyoki alimjia, akavua koti lake, akamvisha na kumfunga vifungo kimoja kimoja. Nyuma yao Ndila alikuwa amesimama miguu mitupu, amejifunga leso ya kuazima. Wazee walifasiri palepale: marehemu akikuvisha koti amekukabidhi mji wake, na mwanamke wa leso ya kuazima ni mgeni asiye na kwake.

Ndila hakucheka. Hakuwa mtu wa kudharau ndoto. Nyanya yake alimfundisha kwamba ukiota umevaa nguo mpya, jihadhari na ugonjwa. Ukiota nguo zimekurarukia, tulia, ni shida inakutoka. Na Munyoki humjia yeye pia. Huja na ovaroli, kifungo cha pili hakipo, anamuuliza, "Mama Koki, bado hujakishona tu?" Ndila huamka akilia. Lakini hajawahi kumdai mtu nyumba kwa ajili ya kifungo.

"Koti gani?" aliuliza mwishowe.

"Eh?"

"Hilo alilovishwa. Alisema likoje?"

"Alieleza mpaka Mzee Muinde akatokwa na machozi. Suti ya bluu inayong'aa, tai nyekundu ya mistari, kitambaa cheupe mfukoni. Tena anauliza suti hiyo uliipeleka wapi. Anasema umeiuza."

Ndila akakaa wima kitandani. Hofu aliyokuwa nayo tangu jioni ilimtoka mara moja, na mahali pake pakajaa kitu cha moto.

Kulipopambazuka alifungua Biblia na kutoa programu ya mazishi. Pale mbele alikuwepo Munyoki ndani ya suti ya bluu. Hiyo ilikuwa siri ya Ndila. Picha ya pekee iliyomwonyesha vizuri ilikuwa ya kazini, uso una masizi na miwani ya kuchomelea iko kwenye paji la uso. Aliona haya watu wa kanisa wakishika picha ile. Akamsihi Hudson, wa studio iliyo karibu na soko, amvishe mumewe kwa kompyuta. Watu walipouliza, "Kumbe Munyoki alikuwa na suti kama hii?" Ndila alinyamaza. Na kunyamaza kule kulikuwa kutamu.

Alimkuta Hudson akifagia mlangoni.

"Ile suti ya Baba Koki bado unayo?"

"Mama Koki, si ndiyo inanilisha? Nimewavisha mashemasi, mwalimu mkuu, hata mgombea mmoja wa udiwani ambaye bado yuko hai. Haifuliwi, haichakai."

"Nitolee kwenye karatasi, bila kichwa."

"Bila kichwa?"

"Shingo wazi. Nina haraka."

Saa nne pikapu ikasimama mbele ya nyumba, nyuma yake godoro jipya likiwa bado kwenye nailoni. Koki, binti wa miaka kumi na sita, alikuwa ndani, ameambiwa afunge komeo na asifungue hata aitwe na malaika. Ndila alisimama mbele ya mlango.

"Shemeji, mbona mmefunga?" Kituku alisema akitabasamu. "Siku hizi wageni hamwakaribishi?"

"Mzee Muinde, karibu, kiti hicho hapo." Mzee huyu alikuwa baba mdogo wa Munyoki, na vumbi la safari lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi. "Wewe Kituku simama hapo hapo. Ulimwota amevaa nini?"

"Hayo yalishaamuliwa."

"Mweleze," alisema Mzee. "Ni mke wake."

Kituku akaeleza, na alipofika kwenye kitambaa cha mfukoni sauti ikamtetemeka vizuri kama ya mhubiri. Ndila akamnyooshea karatasi.

"Ni hii?"

"Ndiyo hii!" Kituku aliruka. "Mzee, umeona? Suti ameificha! Niliwaambia!"

Mzee Muinde aliichukua karatasi, akaigeuza huku na huku. "Kichwa kiko wapi?"

Neno lililofuata lilimuuma Ndila kulitoa mbele ya majirani waliokwisha kujaa uani.

"Hakuna, Mzee. Suti hiyo ni ya kompyuta ya Hudson. Munyoki hakuwa na suti. Mimi ndiye nilimvisha, kwenye karatasi tu, kwa sababu niliionea haya ovaroli yake. Anisamehe huko aliko, maana ovaroli ile ndiyo iliyojenga hapa. Mzee, wewe ulipita mbele ya jeneza. Alikuwa amevaa nini?"

"Koti la kahawia," Mzee alisema polepole. Akagusa kiwiko chake. "Lilikuwa na kiraka hapa."

"Kituku je, alimwona?"

"Basi liliharibika njiani, mnajua wote!"

"Ulifika tumeshafukia. Ukapewa programu. Ndiyo uliyoiota, kama kweli uliota."

"Huko aliko labda amepewa suti!"

"Na Hudson?" aliuliza dereva wa pikapu, na majirani wakaangua kicheko.

Ndila hakucheka. "Nimefua nguo zake miaka kumi na tisa. Ungekuja hapa ukasema umeona ovaroli, kifungo cha pili hakipo, ningeogopa, Kituku. Pengine ningekupa ufunguo. Lakini umemvisha ndugu yako uongo ili umpore mtoto wake!"

Mzee Muinde aliikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. "Na mimi nikalia machozi," alisema, kama anayejisemea. Akamgeukia dereva. "Washa gari."

"Mzee, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana juu ya koti. Koti liko wapi? Tutakaa tena, na huyu akiwepo."

Kituku akampita Ndila kwa bega, akaupiga mlango kwa kiganja hadi chuma kikalia. "Koki! Mfungulie baba yako mdogo!"

 Ndani ikatoka sauti nyembamba.

"Mama, nifungue?"

Ndila alimtazama Kituku, akalitazama godoro kwenye nailoni.

"Acha," alisema, na komeo halikusogea.