Jiwe la Kunolea ni Langu

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, kwa sababu niliaibika mbele ya sufuria nne za pilau.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka kumi na miwili tu, lakini shangazi ni shangazi, na wewe ndiye uliyeniandikia kutoka chumba chako kipya cha Buguruni ukiuliza ununue jiwe gani la kunolea visu vya jikoni. Ukaongeza kwamba jirani yako kakucheka, eti unataka kufungua karakana. Nimekaa kukujibu. Mwanzo wa barua hii nimeufuta mara tano. Huu wa sita nauacha ulivyo.

Nilikuwa na umri kama wako, naishi Kariakoo na Bibi, yule aliyemzaa babu yako. Bibi alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi au arobaini ikitokea mtaani, akina mama sita waliitwa, na kila mmoja alikuja na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Magoti yalipomchosha, Bibi alinikabidhi kisu chake na nafasi yake kwenye mkeka wa kukatia vitunguu na kachumbari. Katika maisha yangu yote hakuna kitu nilichowahi kukiogopa na kukipenda kama nafasi ile.

Kisu chenyewe kilikuwa kimeliwa. Mnoaji wa mtaani alikuwa akipita na baiskeli yake, anakanyaga, gurudumu linazunguka, cheche zinaruka, na kila akiondoka kisu kilibaki chembamba zaidi. Bibi alisema alikinunua kikiwa na upana wa vidole vitatu. Nilikipokea kikiwa na viwili, na mapengo mawili madogo kwenye makali.

Nikaamua nitakinoa mwenyewe. Sikuwa na mwalimu. Nilitazama video kwenye simu mpaka bando likaisha, nikachora pembe za kulaza kisu kwenye daftari, nikafanya mazoezi kwa rula juu ya meza. Ndivyo nilivyo. Kitu nisichokiweza vizuri naona aibu hata kukijaribu.

Na aibu hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilipofika dukani kwa Mangi, mzee wa Kichaga anayeuza misumari, tupa na mawe ya kunolea, nilikuta wanaume wawili wamesimama kaunta. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza jiwe ni la kazi gani. Nikasema nimetumwa na fundi seremala. Sijui uongo ule ulitoka wapi. Mangi akaniuliza kama patasi za fundi zina makali tayari, nikajibu ndiyo, zinahitaji kumaliziwa tu. Basi akanipa jiwe jeupe, laini kama sabuni. Nililipenda papo hapo. Lilionekana kama jiwe la mtu anayejua.

Siku tatu nilikisugua kisu juu ya jiwe lile. Kiking'aa, nazidi kusugua. Mwishowe niliona nyusi zangu ndani yake.

Siku ya shughuli nikakaa mkekani, nikachukua nyanya ya kwanza. Kisu kiliteleza juu ya ganda. Nikakandamiza, nyanya ikapasuka, maji yake yakanirukia usoni, na kisu kikaishia kidoleni mwangu. Kukata nyanya kilishindwa, ila mimi kilinikata. Bi Sauda, mkubwa wa wapishi, alikichukua kile kisu, akakigeuza, akajitazama, akaweka mtandio wake sawa.

"Hiki cha kujipambia," akasema. "Kitieni kabatini na vyombo vya wageni. Na wewe mama, njoo utuchambulie mchele."

Walicheka wote. Nilichambua mchele mpaka jioni, kidole kimefungwa tambara. Kabla hatujaondoka Bi Sauda akaniambia, bila kucheka safari hii, kwamba Jumamosi ijayo nije na kisu kilichopita kwa mnoaji au nisije kabisa. Nikapiga hesabu ya vidole viwili vile vya upana. Nikaona kwamba nikimpa mnoaji kile kisu mara moja au mbili zaidi, hakitabaki kisu.

Nikasema moyoni: simpi.

Asubuhi nikarudi kwa Mangi. Duka limejaa, na mimi natetemeka, lakini nilisema kwa sauti. "Shikamoo Mangi. Nilikudanganya. Jiwe la kunolea ni langu. La jikoni. Kisu kina mapengo na sijui ninachokifanya."

"Marahaba," akasema. "Sasa hilo ndilo ungeniambia juzi, dada. Kisu chenye pengo unakipa jiwe la kung'arishia?"

Akatoa jiwe la kijivu, baya, la pande mbili: upande mmoja una chenga kama sakafu ya saruji, wa pili laini kiasi. Akaliweka juu ya kioo cha kaunta na kulisukuma kwa kidole, likacheza kwa kuwa halikunyooka chini, akalirudisha. La pili likatulia, akanipa hilo. Akaniambia nililoweke majini mpaka liache kutoa mapovu. Nianze upande wa chenga nisiuharakishe, mpaka mapengo yaishe, kisha nimalizie ule mwingine.

Nilinoa uani, Bibi amekaa kwenye kigoda ananitazama. Mapengo yaliisha. Lakini kisu kilijaa mikwaruzo, na mimi mikwaruzo siiwezi. Nikalitafuta lile jiwe jeupe ili niifute. Bibi akachukua nyanya, akaikata bila kuikandamiza.

"Kinakata," akasema. "Unaendelea kumnolea nani?"

Nikaacha kulitafuta lile jiwe jeupe.

Jumamosi nikaenda. Nikakaa mahali pangu, kisu chenye mikwaruzo mkononi, jiwe la kijivu kwenye bakuli la maji pembeni, kila mtu alione. Bi Sauda akauliza nani kaleta tofali. Nikamwambia ni langu, na kwa mnoaji sikupita, na mkekani siondoki. Kisha nikakata. Alitazama nyanya tatu, nne. Halafu akafungua kitambaa chake, akaweka kisu chake kando ya bakuli langu, akaenda kukoroga nyama.

Kwa hiyo, mwanangu, nunua la pande mbili, la kijivu, lililotulia juu ya kioo. Lile linalong'aa liache dukani. Muuzaji mwambie ukweli, hata duka likijaa wanaume, maana jiwe huchaguliwa kwa ubovu wa kisu ulichonacho. Kisu kikikata, simama. Na jirani yako akicheka, noa mlangoni, mchana, akuone.

Mungu akutulizie mkono. Asipoutuliza, akupe moyo wa kukata nao hivyo hivyo unavyotetemeka.