Bolti Aliyoikaza Mume Wangu

Nimejiuliza kwa muda mrefu: kazi ni ya aliyeifanya, au ya anayedhaniwa kuifanya?

Leo hapa Ngokolo nimekuta bolti ya kava ya injini ya pikipiki yetu imelegea, oili inavuja. Nikaikaza, nikapangusa, ikakauka.

Mama mkwe akaingia. Nikapiga goti, mikono myeusi kwa oili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamgeukia mume wangu aliyesimama kando. "Mwanangu, umetengeneza vizuri! Ila usimchafue mwenzio kwa kumshikisha spana."

Mume wangu, shati jeupe pee, akajibu: "Asante, mama."

(Sikuwasahihisha; nikafuta spana. Labda ni heshima.)

"Basi," mama akaendelea, "Jumamosi nakuletea pikipiki ya mjomba wako. Nayo inavuja."

Mume wangu akanitazama.

Mngefanyaje? Mimi sijaamua: nikiitengeneza, nathibitisha ufundi wa mume wangu, nikiiacha, mjomba ndiye atakayeunguza injini.