Venusi wa Shamba la Juu

Kwa miaka ishirini na saba Felista aliamini kwamba mashamba yake yana majina ya watakatifu. Aliyeyapa majina hayo ni mumewe, Kasimiri, ambaye alisoma seminari ndogo hadi kidato cha tatu, akaiacha mwaka 1983 ili amwoe. Alifika katika kijiji hiki cha misheni, juu ya bonde la Mgeta, akiwa na sanduku la bati na Kilatini chake. Shamba la mahindi akaliita Seresi. Lile la miti ya matunda, Pomona. Lililo nyuma ya banda la nguruwe, Juno. Na lile la juu kabisa, lenye chemchemi isiyokauka hata Oktoba, Venusi. Felista alidhani ni mashahidi wa Roma, kama wale wanaotajwa katika misa. Wakati wa kupanda alinong'ona: "Mtakatifu Pomona, utuombee." Kasimiri alimsikia mara nyingi na hakumsahihisha, hilo analikiri mwenyewe.

Ukweli aliupata mwaka 2010. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amemwalika Kasimiri awaeleze wanafunzi habari za Roma ya kale. Felista, aliyepeleka karoti kwa jiko la shule, alisimama dirishani kumsikiliza mumewe. Akasikia kwamba Juno ni mke wa Jupita, mkuu wa miungu, na kwamba siku zake nyingi huzimaliza akimfuatilia mume huyo na kuwatesa wanawake wanaompendeza. Akasikia kwamba Venusi ni mzuri kuliko miungu wote wa kike. Kwamba ameolewa na Vulkani, mhunzi mwenye mguu mbovu, na kwamba humwacha akifua chuma akaenda kwa Marsi, mungu wa vita. Watoto walicheka sana. Felista aliweka kikapu chini, akarudi nyumbani.

"Kumbe mimi ndiye Juno wa nyuma ya banda," alimwambia Kasimiri alipoingia. "Na shamba la juu, la bibi yangu, umempa malaya."

Kasimiri alijitetea kwamba Juno ni mlinzi wa ndoa, ndiyo maana alimweka karibu na nyumba, na kwamba Warumi wa mwanzo walimkabidhi Venusi bustani za mboga kabla hawajamkabidhi mapenzi. Utetezi huo ni sahihi. Haukumsaidia.

Tangu siku hiyo Felista hakukanyaga shamba la juu. Alibaki chini, akiangalia muda ambao mumewe anakaa kule. Aliona kwamba asubuhi za Venusi Kasimiri hunyoa ndevu, na asubuhi za Seresi hanyoi. Jioni alilinusa shati lake kabla ya kulifua, akakuta harufu ya udongo na kabichi, na hata hiyo ikamchoma. Binti yao pekee, Maria, alipanda huko na baba yake. Na mama yake hakupanda naye hata mara moja.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kasimiri alikuwa akilima ardhi ya mkewe, kwa kuwa kwa Waluguru ardhi hiyo hufuata ukoo wa mama. Katika ukoo wa Felista, shamba hujulikana kwa jina la mwanamke aliyelifyeka kwanza. Binti akishavunja ungo, mama yake humtembeza mipakani na kumtajia jina hilo mpaka alishike. Shamba la juu alilifyeka Bibi Agnesi. Maria hakuwahi kuambiwa.

Mwaka 2024 jirani yao Theresia, wa ukoo mwingine, ambaye chemchemi yake ilikuwa imekauka, alidai kwamba shamba la juu lilifyekwa na bibi yake. Wazee wa koo zote mbili walikutana uani kwa Severini, mjomba wa Felista na mkuu wa ukoo. Kwa desturi yao huanza kuulizwa binti atakayerithi. Maria, mwenye miaka ishirini na sita, alisimama, akawaamkia shikamoo, akaulizwa ni nani aliyelifyeka shamba la juu.

"Venusi," akajibu.

"Basi mleteni huyo Venusi wenu," alisema Theresia, "atuonyeshe mipaka."

Wazee walicheka, isipokuwa Severini. Aliamua kwamba kesho yake saa tatu Felista mwenyewe azunguke mpaka na kutaja alama zote, moja baada ya nyingine. Akikosea, shamba na chemchemi vitakwenda kwa Theresia.

Felista alilijua jina. Alama hakuzijua tena: miaka kumi na minne ilikuwa imepita, na maporomoko ya mvua yalikuwa yamekula sehemu ya mteremko. Aliyezijua ni Kasimiri, lakini yeye ni mtu aliyeoa tu, asiye na kauli mbele ya wazee wa mkewe.

Alasiri hiyo alimkuta akinoa jembe.

"Baba Maria, nieleze huyo mwanamke wako. Anzia miguuni."

Kasimiri alidhani anakejeliwa. Alipoona hacheki, aliweka jembe chini, akafumba macho. Miguuni kuna masale matatu, mimea ya kuwekea mpaka, la katikati limeinama. Kisha kuna jiwe linalotoa jasho kabla ya mvua. Chemchemi iko kama kwapani, upande wa kushoto. Udongo ni mweusi, unazamisha mkono hadi kiwiko. Juu kabisa ni pale palipoporomoka, ambapo aliurudisha udongo kwa kikapu kwa miezi miwili. Felista alirudia kila neno. Anasema alasiri hiyo ilimuuma kuliko siku ile ya dirishani.

"Na mimi," aliuliza walipomaliza, "ukiulizwa, ungeanzia wapi?"

"Wazee hawaulizi alama za mke, Mama Maria."

"Najua. Lakini ungeanzia wapi?"

Kasimiri alichukua tena jembe lake.

Kesho yake Felista alitembea mpaka wote, wazee nyuma yake, na hakukosea alama hata moja. Alipoliwekea mkono lile jiwe la jasho na kulitaja, Theresia aliona ameshindwa, akaacha kumfuata, akakaa chini. Severini alitamka kwamba shamba ni la ukoo wao. Felista akamwita Maria, akamtaka atamke "Agnesi" mara tatu mbele ya watu. Theresia alipoomba kuchota maji siku mbili kwa wiki, Felista alikubali papo hapo. Ugomvi wake haukuwa na mwanamke huyo.

Wakiteremka, Kasimiri aliuliza kama anaweza kurudi Jumatatu kupalilia kabichi.

"Utapanda huko juu pamoja nami," alisema Felista.

Sasa hupanda wote wawili. Yeye hulima karibu na chemchemi. Mumewe hulima matuta ya chini. Mwezi uliopita aliinua macho, akamwona Kasimiri amesimama, ameegemea mpini, anaangalia juu alipo yeye, au nyuma yake.

"Unamwaza?"

"Nawaza kabichi."

Felista hakuamini. Alimwelekeza kwenye mtaro ulioziba kule chini, akasubiri mpaka mumewe alipoinama na kuyaondoa macho kule juu.