Njia ya Ndovu Nyuma ya Kamba za Nguo

Baba alikuwa dobi katika kambi ya watalii, ndani ya hifadhi iliyo kaskazini ya mji wetu wa Isiolo. Shule zikifungwa, alinipandisha lori la wafanyakazi kutoka mtaani kwetu Chechelesi, nikashinda naye kando ya mto nikimpa vibanio huku akianika mashuka. Hadi leo harufu ya sabuni ya mche hunirudisha pale, chini ya mikoma, ile mitende ya porini.

Nyuma ya kamba ilipita njia ya ndovu kushuka mtoni. Wakija, Baba aliweka karai chini, akatulia, akawaambia kwa upole, "Tangulieni, mimi niko nyuma."

Mpishi, Mborana mcheshi, alimchokoza kutoka jikoni. "Dobi, hao ni ndovu wa Kiborana. Kiswahili chako cha Meru hawakijui."

"Mbona wanapita basi?"

"Wanakuhurumia."

Wazazi wetu walipofariki, niliacha shule nikalea wadogo zangu kwa kufulia watu nguo mtaani. Nilipofikisha umri wa kuajiriwa, kambi ikanipa kazi ya Baba. Kitindamimba wetu alikuwa bado ananyonya tulipoachwa. Yeye hamkumbuki Baba hata kidogo. Sisi wengine tukianza kumsimulia, yeye hutoka nje.

Mwaka huu, alipomaliza kidato cha nne, niliomba ruhusa nikaenda naye kambini. Nilitaka apate kitu kimoja cha Baba kilicho chake mwenyewe. Nilimwonyesha kamba, karai, na mkoma ambao Baba alipenda kuuegemea. Alitazama kwa adabu, kama mgeni.

"Ni pazuri, dada," akasema. Nikajua nimeshindwa.

Nilirudi kuanika. Ndovu wakatokea vichakani, majike na ndama wao. Nikaweka karai chini. "Tangulieni, mimi niko nyuma."

Ndugu yangu akanigeukia. "Dada, si hayo ndiyo maneno yako ya asubuhi?"

Kweli. Miaka yote wadogo zangu wakienda shule, niliwaambia hivyo mlangoni, kisha nikainamia nguo za watu. Sikuwahi kujiuliza niliyatoa wapi.

"Ni ya Baba," nikasema. "Aliwaambia hawa."

Aliwatazama wakishuka mtoni. "Kwa hivyo sisi tulikuwa ndovu."

"Mlikula kama wao."

Akacheka, akajipangusa uso kwa kiganja. Ndama mmoja alikuwa amebaki, anasitasita karibu na mashuka. Ndugu yangu akatulia kabisa, akamwambia kwa upole atangulie.