Kikohozi Ndani ya Santuri

Alikuwa fundi saa, na mtaani walimwita Sikio, kwa kuwa aliiweka saa mbovu sikioni akakutajia ugonjwa wake kabla hajaifungua. Miaka arobaini alikaa kwenye dirisha lile lile, lenzi imebanwa jichoni. Mkewe alikuwa mwitikiaji katika bendi moja ndogo, na sauti yake ilibaki kwenye santuri moja tu. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, yapata miaka ishirini na mitatu sasa.

Wiki aliyofunga kibanda chake cha saa moja kwa moja, Sikio alitia santuri ile kwapani akaenda kwenye duka la mitambo ya muziki. Mwenye duka, jitu nene, cheshi, lililojulikana kwa jina la Besi, lilimkaribisha kwa mikono miwili.

"Karibu mzee wangu. Unataka kishindo au utamu?"

"Nataka kusikia."

Besi akamwashia amplifaya mpya ya taa za buluu na spika ndefu kama milango. Wimbo ukajaa duka zima, Besi mwenyewe akaanza kutikisa mabega. Ulipoisha, Sikio aliinua kidole, akangoja, kisha akatikisa kichwa.

"Hakisikiki."

"Nini, mzee?"

"Pale mwisho, kabla sindano haijainuka. Mke wangu anakohoa."

Mabega ya Besi yalitulia. "Pole mzee. Hii inachuja kelele. Wengi wanaipendea hivyo hivyo."

Walishinda pale hadi adhuhuri. Spika hizi zilimeza kila kitu kama kisima, zile zilikwaruza masikio. Mashine moja walihofia sindano yake ingeichimba santuri. Mwishowe Besi akaburura kutoka stoo amplifaya ya zamani, ile ya balbu za kioo, mashine ya santuri ya kuzungushwa na mkanda, na spika mbili za mbao, fupi na nzito. Wimbo ukaisha. Kikohozi kikatoka, kikavu, kifupi. Besi akageuka kutazama mlangoni kuona nani ameingia.

"Nifungie hizi," Sikio alisema.

Nyumbani alizipima kwa uzi, kila spika umbali sawa kutoka kwenye kiti chake. Alasiri ya tatu alisogea karibu zaidi akapandisha sauti. Baada ya kikohozi kulikuwa na kitu kingine. Akairudisha sindano. Sauti ya mwanamume, ya chini, mbali na maikrofoni:

"Pole, dada."

Akairudisha tena. Haikuwa sauti yake. Siku ile ya kurekodi alikuwa amekataa kumsindikiza mkewe. Asubuhi yake mama wa watu alimwambia kifua kinambana, naye, bila kuinua macho kwenye saa ya mteja, akamjibu, "Acha kudeka. Kikohozi hakijaua mtu." Miezi saba baadaye wakamzika. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Lake lilikuwa zima kabisa, ila lilisikia saa tu.

Tangu alasiri ile nyumba haikumpa raha. Mashine imezimwa, yeye yuko jikoni anachemsha chai, mara "pole" ile, wazi kabisa, kutoka sebuleni. Hutoka mbio kijiko mkononi, akakuta kiti kitupu. Alizigeuza spika zitazame ukuta. Wapi! Jambo lililomtesa zaidi ni kwamba mtu huyo asiyemjua hakutumia hata pumzi moja nzima kusema neno hilo.

Jumapili bintiye alipomtembelea alizikuta spika zimegeuzwa.

"Baba, zimekukosea nini?"

Akamweleza yote, hadi lile neno la asubuhi. Binti hakushtuka.

"Nilikuwa nyuma ya pazia, baba. Nilikuwa na miaka tisa. Nilikusikia."

"Ukanyamaza miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Sikio alifunika uso kwa viganja. Binti hakumkumbatia, wala hakuondoka. Alikwenda akaigeuza spika moja, ya pili ikamshinda, ikabidi baba ainuke wasukume pamoja. Kisha akaketi sakafuni.

"Washa. Mimi sijamsikia tangu utotoni."

Walisikiliza upande mzima wa santuri. Ulipokwisha, binti alikuwa analia kwa sauti. Sikio hakujua kama anamlilia mama yake au anamlilia yeye, na hakuthubutu kumuuliza.